Injini ya Gari la Zamani: Ifufuliwe au Ibadiliwe?

Katika kisiwa cha Mombasa chuma kina maadui wawili, umri wake na upepo wa bahari. Tangu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na tangu Aprili hadi Septemba huvuma kusi. Pepo hizo zote mbili huchukua chumvi isiyoonekana kwa macho, zikaitua juu ya mabati, nati na nyaya. Ndiyo sababu gari la mbio lenye umri wa miaka 50 si kitu cha kawaida mjini humo. Hata hivyo magari ya namna hiyo yapo. Mara moja moja huonekana gari dogo la watu wawili, lenye boneti ndefu na nyuma fupi, likipita barabara ya Mama Ngina wakati wa jioni, na watu wakasimama kulitazama. Mengine hayapiti popote. Yamefunikwa turubai uani, yakingoja mwenyewe aamue.

Jambo linalongojewa karibu siku zote ni moja, nalo ni injini. Bati lililooza hukatwa, likachomelewa jingine, viti hushonwa, rangi hupigwa. Lakini injini ikichoka, fedha zinazotakiwa ni nyingi, na shauri analopewa mtu hubadilika kwa kila mlango wa gereji anaobisha. Fundi wa kwanza atasema injini ifumuliwe na kuundwa upya. Wa pili atasema itupwe, itiwe nyingine. Wa tatu atasema ringi mpya zatosha, na gari litatembea kesho. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua baina ya mashauri hayo, kwa kufuata mfano wa gari moja lenye sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki, yaani Datsun 240Z.

GARI LILILOPATA JINA KATIKA TOPE

Kampuni ya Nissan ya Japani ilitoa gari hilo mwaka wa 1969. Wajapani wenyewe waliliita Fairlady Z, na katika nchi za nje likajulikana kwa jina la Datsun 240Z. Yaliundwa zaidi ya 150,000 kabla ya ndugu yake, 260Z, kushika nafasi yake mwaka wa 1974. Injini yake huitwa L24. Ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,393. Bloku ni ya chuma cha kusubu, na kichwa cha silinda ni cha aluminiamu. Kamshafti imekaa juu ya kichwa hicho, ikizungushwa kwa mnyororo. Petroli huingia kwa kabureta mbili, wala hapana kompyuta mahali popote. Kila kinachotendeka ndani yake chaweza kupimwa kwa mkono wa mtu aliyefunzwa.

Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, na baadaye yakaitwa East African Safari, ndiyo yaliyolipa gari hilo heshima. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka wa 1973 zamu ikawa ya Mehta mwenyewe pamoja na Lofty Drews. Mwaka huo alilingana alama na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine, hata waamuzi wakalazimika kutazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kosa. Mehta, aliyezaliwa Uganda, alikuja kuyashinda mashindano hayo mara tano kwa jumla.

Lile gari lililoshinda mwaka wa 1971 lilirudishwa Japani, likahifadhiwa. Mwaka wa 2013 wafanyakazi wa kampuni ya Nissan walilitengeneza upya hata likatembea tena. Kadhalika, tangu mwaka wa 2003 yapo mashindano ya pekee ya magari ya zamani, yajulikanayo kwa jina la East African Safari Classic, na kwa miaka kadhaa yameanzia pwani karibu na Mombasa. Kwa hiyo kazi ya kufufua injini kuukuu si ndoto ya mtu mmoja mwenye fedha za kuchezea. Ni ufundi wenye mahali pake katika historia ya nchi hizi.

UGONJWA KWANZA, DAWA BAADAYE

Na uchukuliwe mfano wa karani wa bandari ya Kilindini akaaye Kibokoni, katika Mji wa Kale, ambaye amerithi gari la namna hiyo kwa ami yake. Limekaa miaka minane chini ya mwembe. Ndugu zake wanamshauri auze, na mnunuzi yupo tayari. Lakini mnunuzi huyo anataka kulivunja na kuuza kipande kimoja kimoja: taa mbali, vioo mbali, magurudumu mbali. Karani ameweka akiba kidogo, na ana watoto wawili shuleni. Akikosea, atapoteza akiba na gari pia.

Mtu kama huyo hapana budi ajue kwamba hatua ya kwanza si kufungua injini, wala si kupiga stata. Injini iliyolala miaka minane imekauka mafuta katika kuta za silinda, na huenda ringi zimeshikana na kutu. Kuizungusha kwa nguvu ya betri ni kuikwaruza. Fundi mwenye busara hutoa plagi zote sita, humimina mafuta kidogo katika kila tundu, huacha siku moja au mbili, kisha huizungusha injini kwa spana, polepole, kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, hapo ndipo pana tumaini.

Baada ya hapo huja kupima mkandamizo. Kipimo hutiwa katika tundu la plagi, injini ikazungushwa, na hesabu ya kila silinda ikaandikwa katika karatasi. Silinda sita zikikaribiana, ni habari njema. Ikiwa moja ni dhaifu, fundi humimina kijiko kimoja cha mafuta ndani yake na kupima tena. Hesabu ikipanda, ugonjwa uko katika ringi au ukuta wa silinda, kwa kuwa mafuta yameziba nafasi ile kwa muda. Isipopanda, ugonjwa uko juu, katika vali. Na ikiwa silinda mbili zilizo jirani ndizo dhaifu, mara nyingi gasketi ya kichwa imepasuka baina yao.

Injini ikiwaka, moshi nao husema. Moshi wa buluu ni mafuta yanayoungua. Ukitoka wakati gari linapovutwa kwa nguvu, ringi zimechoka. Ukitoka wakati wa kuwasha tu, mihuri ya vali imekauka. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na dawa yake ni katika kabureta, wala haihusu moyo wa injini. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji kupungua katika rejeta, ni dalili ya gasketi au ya ufa. Juu ya hayo, presha ya mafuta ikianguka injini ikishapata moto, beringi za kranki zimelika.

Vipimo hivi vyote hugharimu kazi ya nusu siku. Lakini ndivyo vinavyotenganisha matengenezo na bahati nasibu. Wapo wenye magari waliolipa bei ya injini nzima kwa ugonjwa uliokuwa katika kabureta, na wapo waliotia ringi mpya katika silinda iliyokwisha.

Kwa habari ya ringi, swali lake huulizwa kila siku katika gereji za Shimanzi na Majengo. Kijana anayejifunza kazi humwambia mkubwa wake, "Mzee, ringi mpya si zatosha? Mteja ana haraka."

Naye mzee hujibu, "Mwanangu, ringi mpya katika silinda iliyolika ni mlango mpya katika ukuta uliobonyea. Utaupiga randa hata lini, haufungi."

Maneno hayo ni kweli tupu. Silinda ya L24 ina upana wa milimita 83 ilipotoka kiwandani, tena ni duara kamili. Baada ya miaka mingi huwa si duara tena, kwa kuwa pistoni huisukuma upande mmoja kuliko mwingine, na sehemu ya juu hulika zaidi kuliko ya chini. Uwazi unaotakiwa baina ya pistoni na ukuta ni mdogo kuliko unene wa unywele wa mtu. Jicho haliwezi kuuona. Kipimo cha maikromita peke yake ndicho kiwezacho kusema kama ringi zatosha au silinda ikerezwe.

MAJI YA KISIMA

Kuna swali moja ambalo watu wengi husahau kuliuliza, nalo lina thamani kuliko yote: injini hii ilikufa kwa nini?

Mombasa jibu lake mara nyingi ni maji. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya magadi, kwa kuwa bahari iko jirani pande zote. Dereva aliyeona rejeta imepungua huchota maji yaliyo karibu, akamimina. Siku ya kwanza hapana neno. Lakini maji yenye chumvi yakipita baina ya bloku ya chuma na kichwa cha aluminiamu huila aluminiamu, hasa kando ya matundu ya kupitishia maji. Uchafu huziba mirija ya rejeta. Joto hupanda. Aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hupinda, gasketi huachia, na maji huingia mahali pa mafuta. Hapo watu husema, "Injini imekufa kwa uzee." Kumbe imekufa kwa ndoo ya maji.

Maana yake ni kubwa kwa karani wa mfano huu. Tuseme anauza kila kitu na kutia injini nyingine, nzuri kabisa, lakini anaiacha rejeta ileile, mipira ileile iliyopasuka na desturi ileile ya maji ya kisima. Injini ya pili itakwenda njia ya kwanza. Mwenye kuondoa maiti bila kuuondoa ugonjwa nyumbani amejiandalia msiba mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, rejeta isafishwe au itiwe mpya, pampu ya maji na thamostati vitazamwe, mipira yote ibadiliwe, na mfumo ujazwe maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Dawa hiyo watu hudhani ni ya nchi za baridi tu. Pwani yahitajiwa kwa sababu nyingine: hulinda aluminiamu na huchelewesha maji kuchemka.

NJIA TATU

Vipimo vikiisha, mwenye gari husimama mbele ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuiunda upya injini yake mwenyewe. Njia hii yafaa ikiwa bloku haina ufa, kranki yaweza kusagwa, na kichwa chaweza kunyoshwa. Gari hubaki na namba yake ya injini iliyotoka nayo kiwandani, na kwa magari ya zamani jambo hilo huongeza thamani. Tena fundi anajua hali ya kila kipande kilichomo, maana amekishika mkononi.

Njia ya pili ni kutia injini ya ukoo uleule. Hapa Datsun ina bahati. L24 ina ndugu wawili: L26, yenye sentimita za ujazo 2,565, iliyotumika katika 260Z, na L28, yenye 2,753, iliyotumika katika 280Z tangu mwaka wa 1975 hadi 1978 na pia katika baadhi ya Nissan Patrol. Kwa sura ya nje ndugu hawa hufanana mno, na L28 hukaa mahali pa L24 kwa kazi ndogo. Nguvu huongezeka, na mlio hubaki wa silinda sita. Bloku ya karani ikiwa imepasuka, njia hii ndiyo ya heshima. Lakini injini iliyonunuliwa kwa muuza vyuma chakavu nayo yapasa kufumuliwa na kupimwa, kwa kuwa hakuna ajuaye imekunywa maji gani.

Njia ya tatu ni kutia injini ya kabila jingine, kama vile injini ya Toyota ya siku hizi iliyoshushwa kutoka gari la Japani. Wauzaji husema ni rahisi, na bei ya injini yenyewe yaweza kuwa ndogo. Lakini bei hiyo ni mwanzo wa hesabu. Viegemezo vya injini vyataka kuchomelewa upya, giaboksi haipatani, shafti ya nyuma yataka kukatwa, rejeta haitoshi, nyaya zote na kompyuta yake zatakiwa kuhamishwa. Nguvu ikizidi maradufu, breki za mwaka wa 1971 hazikutengenezwa kwa ajili yake. Gari litakwenda, na huenda likaenda kasi sana. Mwenye kuichagua njia hii na aweke fedha za breki kwanza, kisha za injini.

Ni kweli kwamba njia ya tatu ina watetezi wenye haki. Vipuri vya Toyota hupatikana kila mji, na mtu atakaye kusafiri kila siku hatasumbuka kutafuta kabureta. Lakini mtu wa namna hiyo yafaa ajiulize kama alihitaji gari la zamani tangu mwanzo.

KAZI YA KUUNDA UPYA

Na ichukuliwe kwamba bloku ya karani ni nzima, naye ameichagua njia ya kwanza. Injini huinuliwa kwa winchi ya mnyororo, ikafumuliwa juu ya meza safi. Vipande vikubwa vyaweza kupelekwa kwa mkokoteni hadi kwa mwenye mashine ya kukereza, kwa maana gereji ndogo hazina mashine hizo.

Kila kipande hutiwa alama kinapotoka. Kifuniko cha konrodi ya silinda ya tatu hurudi kwenye konrodi ya tatu, tena kwa upande uleule. Vifuniko hivyo vilichongwa pamoja na konrodi zake, na kuvichanganya ni kuharibu beringi mpya siku ya kwanza. Bloku huoshwa, na njia nyembamba za mafuta husafishwa kwa brashi na upepo, kwa kuwa punje moja ya chuma iliyobaki ndani yatosha kukata beringi.

Silinda hukerezwa zote sita kwa kipimo kimoja, kwa mfano nusu milimita zaidi, na pistoni hununuliwa za kipimo hicho. Inafaa pistoni zipatikane kwanza, ndipo silinda zikerezwe, wala si kinyume chake. Wako watu waliokereza, kisha wakakaa mwaka mzima wakitafuta pistoni. Ukuta wa silinda humalizwa kwa jiwe laini linaloacha mistari myembamba iliyopishana kama ya mkeka. Mistari hiyo hushika mafuta na kuzikalisha ringi. Kranki husagwa, na beringi hununuliwa kwa kadiri iliyosagwa.

Kichwa cha silinda hunyoshwa kwa mashine. Hapa L24 ina mtego wake. Kamshafti iko juu ya kichwa, na mnyororo hutoka chini. Kichwa kikipunguzwa mno, kamshafti hushuka, mnyororo hulegea, na vali hufunguka kwa kuchelewa. Fundi asiyelijua jambo hili hushangaa kwa nini injini mpya haina nguvu. Vali hukalishwa upya, na uwazi wake hupangwa injini ikiwa baridi: milimita 0.20 kwa vali za kuingiza, na 0.25 kwa vali za kutoa moshi. Boliti za kichwa hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa spana ipimayo nguvu. Nyaya za plagi hufungwa kwa mfuatano wa kuwaka: 1, 5, 3, 6, 2, 4.

Mambo mawili yamebadilika tangu magari haya yalipotoka kiwandani. La kwanza ni petroli. Kenya, pamoja na nchi nyingine za kusini mwa Sahara, iliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Risasi ile, pamoja na sumu yake, ilikuwa ikilinda makalio ya vali katika injini nyingi za zamani. Kichwa kikiwa kimefunguliwa ndio wakati wa kutazama kama makalio hayo ni magumu ya kutosha. La pili ni mafuta ya injini. Mafuta mengi ya siku hizi yana dawa ya zinki kidogo kuliko ya zamani, na kamshafti ya namna hii huihitaji, hasa katika dakika za kwanza. Basi yatafutwe mafuta yanayofaa injini za zamani, na kamshafti ikiwa mpya, injini ikiwashwa mara ya kwanza iachwe ikizunguka kwa kasi ya wastani kwa muda wa dakika 20 hivi, isiachwe ikinguruma polepole. Katika kilometa 1,000 za kwanza isilazimishwe kupanda mlima kwa gia kubwa, na mafuta ya kwanza yamwagwe mapema, kwa kuwa yamebeba vumbi la chuma.

NAMBA YA INJINI NI USHAHIDI

Namba iliyogongwa katika bloku imeandikwa pia katika kitabu cha gari. Mwenye kubadili injini, iwe ya ukoo uleule au ya kabila jingine, anapaswa kuipasha habari idara iandikishayo magari, ambayo kwa sheria ya mwaka wa 2012 ni NTSA, gari likaguliwe na namba mpya iandikwe. Wengi hulipuuza jambo hili kwa kuona ni kazi ya makaratasi. Siku ya kuuza, au siku ya ajali wenye bima wanapokuja na kitabu mkononi, ndipo hujuta. Tena injini isiyo na hati ya ununuzi yaweza kuwa ya wizi, na aliyeinunua ndiye atakayeulizwa. Basi risiti na itunzwe pamoja na kitabu, hata kama muuzaji ni jirani.

MAFUNDI NA MJI WA KALE

Watu wa Mji wa Kale hawahitaji kufundishwa tofauti ya kutengeneza na kubadili. Nyumba zao za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Eneo hilo lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka wa 1990, na Ngome ya Yesu iliyo mlangoni pake iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Wajenzi wamejifunza kwamba ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji kwa ajili ya haraka, unyevu hufungiwa ndani, na ukuta huoza nyuma ya lipu nzuri. Chokaa hutaka muda na mkono uliozoea, lakini huuacha ukuta upumue. Kadhalika jahazi katika Bandari ya Kale haitupwi kwa ubao mmoja. Hupandishwa pwani, ubao mbovu ukatolewa, viungo vikakalafatiwa kwa pamba na mafuta, ikarudi majini ikiwa chombo kilekile.

Mkono wa namna hiyo haupatikani kwa kuuzaliwa. Mombasa ilikuwa na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyojulikana kwa herufi za MIOME, ambayo katika miaka ya 1950 ilifundisha vijana wa Afrika ya Mashariki kazi za ufundi. Taasisi hiyo ikawa Mombasa Polytechnic mwaka wa 1972, na mwaka wa 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wengine wengi walijifunza bila darasa, kwa kushika taa na kupokeza spana miaka mingi mpaka siku walipoachiwa injini peke yao.

Leo kijana wa gereji huchomeka kompyuta katika gari jipya, na kompyuta humwambia kilichoharibika. Ni maarifa mazuri, na hana budi kuwa nayo. Lakini L24 haina mahali pa kuchomeka kitu. Humtaka asikilize, anuse, apime na aandike. Akiisha kujifunza kupima silinda ya gari la mwaka wa 1971, ataweza kupima injini ya lori, ya trekta, ya mashua na ya mashine ya kusaga mahindi. Gari moja la zamani likifufuliwa mbele ya vijana watatu, wanatoka humo mafundi watatu. Likivunjwa na kuuzwa vipande, hutoka humo fedha za mwezi mmoja.

SHAURI KWA WENYE INJINI

Mkulima mwenye pampu ya kumwagilia, au mwenye kinu cha dizeli, asidhani kwamba mambo haya ni ya wenye magari ya mbio peke yao. Kanuni ni zilezile. Kwanza, injini iliyolala izungushwe kwa mkono kabla ya kuwashwa. Pili, ipimwe kabla ya kufunguliwa, na hesabu ziandikwe. Tatu, ijulikane kilichoiua, na kiondolewe kabla ya kutia kitu kipya. Nne, fundi aulizwe kwa heshima aonyeshe kipimo chake. Fundi wa kweli hufurahi kuulizwa. Tano, vipuri vipatikane kwanza, ndipo chuma kikatwe. Sita, vipande vya zamani vilivyotolewa arudishiwe mwenyewe, avione kwa macho yake.

Ama karani wa Kibokoni, hesabu yake sasa yaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Bloku yake ikiwa nzima, na aiunde upya, kidogo kidogo kwa kadiri ya mshahara, akianza na rejeta. Ikiwa imepasuka, na atafute ndugu yake L28, amwandikishe kwa halali. Mnunuzi wa vipande na aambiwe angoje. Gari lililokaa miaka minane chini ya mwembe halitaharibika zaidi kwa kungoja vipimo vya nusu siku. Bali likivunjwa leo, hakuna fundi wa kuliunganisha kesho.